Mgahawa Usiosahaulika wa Mediterania Katika Mji Mdogo wa Mapumziko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo watu huyarudia wanapopanga kwenda kupumzika katika miji midogo ya pwani ya Mediterania, na tena wanaporudi wakiwa wamekula vizuri sana au vibaya sana. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali zisizotokea kila siku. Pale jibu moja linapogusa jingine, msomaji anaelekezwa huko badala ya kurudiwa maneno yale yale.

## Mambo ya msingi

Chakula cha Mediterania ni kipi hasa?

Ni chakula cha watu wanaoishi kuizunguka bahari moja, kuanzia Hispania na Moroko upande wa magharibi hadi Uturuki na Lebanoni upande wa mashariki, na kwa sababu hiyo hakuna sahani moja inayoweza kupewa jina hilo peke yake. Kinachoyaunganisha mapishi hayo ni mafuta ya zeituni, ngano, mboga, kunde, matunda, samaki, na nyama kwa kiasi kidogo. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Mediterania katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la Hispania, Ugiriki, Italia na Moroko. Mwaka 2013 zikaongezwa Kupro, Kroatia na Ureno. Kilichotambuliwa hapo si orodha ya mapishi bali mwenendo mzima wa kulima, kuvua, kuhifadhi, kupika na hasa kula pamoja.

Sifa yake ya kiafya ilienea kupitia kazi ya Ancel Keys, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Marekani, ambaye mwaka 1958 alianzisha utafiti uliolinganisha watu wa nchi saba, Italia na Ugiriki zikiwemo. Yeye mwenyewe alikwenda kuishi Pioppi, kijiji kidogo cha pwani kusini mwa Italia, akakaa huko miaka mingi, na alifariki mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 100.

Je, mji mdogo wa mapumziko unaweza kweli kuwa na mgahawa wa kukumbukwa, au nitafute mji mkubwa?

Unaweza, na historia inaonyesha hivyo waziwazi. elBulli, mgahawa uliobadilisha namna wapishi wa dunia nzima wanavyofikiri, haukuwa Barcelona wala Madrid. Ulikuwa kwenye ghuba ya Cala Montjoi, nje ya mji wa mapumziko wa Roses nchini Hispania, mahali palipoanza miaka ya 1960 kama kibanda cha pwani chini ya wenzi wawili, Hans na Marketta Schilling. Ferran Adrià alijiunga na jiko hilo mwaka 1984, nyota ya tatu ya Michelin, mwongozo maarufu wa migahawa, ikaja mwaka 1997, na mgahawa ukafungwa mwezi Julai 2011. Menton, mji mdogo wa Ufaransa uliokaa mpakani na Italia, una Mirazur, ambao Mauro Colagreco kutoka Argentina aliufungua mwaka 2006 na kuufikisha kwenye nyota tatu mwaka 2019. Dénia, mji wa pwani wa Hispania unaojulikana kwa kamba wake wekundu, una mgahawa wa Quique Dacosta wenye nyota tatu, na mwaka 2015 UNESCO iliutambua kuwa miongoni mwa miji yake bunifu kwa upande wa mapishi.

Hata hivyo, majina hayo makubwa si ndiyo ninayoyalenga katika ukurasa huu. Nayataja ili kuonyesha sababu: mji mdogo wa pwani una bandari mlangoni, mashamba nyuma ya kilima, na mpishi anayewajua kwa majina mvuvi na mkulima wake. Faida hiyo hiyo anayo mwenye meza nane chini ya mzabibu, na mara nyingi ni kwake ambako mtu hupata mlo atakaousimulia miaka kumi baadaye.

Taverna, trattoria, konoba, lokanta: majina haya yana tofauti gani?

Yanakuambia uko nchi gani na utegemee meza ya namna gani. Taverna ni mgahawa wa kawaida wa Ugiriki, na psarotaverna ni ile inayohusika na samaki. Trattoria na osteria za Italia kwa asili ni za kifamilia na hazina madaha ya ristorante, mgahawa rasmi, ingawa siku hizi wako wenye migahawa ya gharama wanaolipenda neno osteria kwa sababu linasikika la unyenyekevu. Konoba ni ya pwani ya Kroatia, na jina lake lina maana ya ghala la chini la kuhifadhia mvinyo na chakula. Uturuki, lokanta huwa na vyakula vilivyokwisha kupikwa na kuwekwa mbele ya macho ya mteja, wakati meyhane ni mahali pa sahani ndogo ndogo na kinywaji. Chiringuito ya Hispania ni kibanda cha ufukweni, na zipo zinazochoma sadini kwa ustadi ambao hoteli ya jirani haiukaribii.

## Kuutafuta

Nimefika mjini, simjui mtu. Nianzie wapi?

Anza kwa kutembea asubuhi, wakati huna njaa. Mwenye njaa huketi kwenye kiti cha kwanza anachokiona, na kiti cha kwanza katika mji wa mapumziko huwa ufukweni, mahali ambapo kodi ya pango ni kubwa na mteja hategemewi kurudi. Asubuhi utaona mambo ambayo jioni hufichwa na taa na muziki: nani anapokea masanduku ya samaki kutoka gatini, nani anashushiwa magunia ya mboga za shambani na nani anashushiwa makatoni ya vyakula vilivyogandishwa, na ni kwenye mlango upi ambapo mtu ameketi kwenye kigoda akimenya maharage mabichi kwa ajili ya mchana. Mitaa miwili au mitatu kutoka baharini hutosha kukupeleka kwenye mji wa wenyeji.

Kisha uliza, lakini uliza vizuri. Swali la "mgahawa mzuri uko wapi?" humfanya mtu akupeleke anapodhani watalii wanapapenda. Muulize mwenye duka la dawa, dereva wa basi au muuza mboga sokoni: "Wewe na familia yako mkiwa na sherehe, mnakula wapi?" Jibu huja tofauti kabisa, na mara nyingi huja na onyo la siku ya kufungwa au chakula ambacho hupaswi kukikosa.

Dalili nyingine yenye uzito ni kama mgahawa unaishi mwaka mzima. Miji mingi ya mapumziko hulala kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Pasaka. Mgahawa unaobaki wazi mwezi Januari unalishwa na majirani, na jirani akidanganywa mara moja harudi. Wapo wapishi wazuri wanaofunga majira ya baridi kwa sababu kisiwa kizima kimefungwa, kwa hiyo kufunga peke yake si kosa, lakini kubaki wazi ni ushahidi ambao siwezi kuupuuza.

Menyu ya lugha sita yenye picha ni dalili mbaya?

Lugha nyingi peke yake hazina ubaya. Mji unaopokea wageni una haki ya kuwaelewesha. Kinachonitia wasiwasi ni urefu. Jiko lenye watu watatu haliwezi kupika sahani tisini kwa siku moja bila kutegemea friza. Menyu ya pitsa, paella (wali wa Hispania), musaka (bilingani na nyama ya kusaga ya Ugiriki) na kari kwa pamoja ni ya mahali pasipojua pako wapi, na mtu anayesimama mlangoni kukuvuta mkono hafanyi kazi hiyo kwa sababu ndani kumejaa. Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, au ubao wenye vyakula vilivyofutwa kadiri vinavyokwisha, ni habari njema.

Maoni ya wateja mtandaoni na nyota za Michelin vina msaada gani?

Vyote vinasaidia kwa kazi yake. Mwongozo wa Michelin ulianza mwaka 1900 kwa ajili ya wenye magari, ukaanza kutoa nyota mwaka 1926, na maana ya nyota zake bado ni ya msafiri: mbili zinastahili kukupindisha njia, tatu zinastahili safari yenyewe. Kwa bajeti ya kawaida tafuta alama ya Bib Gourmand, iliyoanza mwaka 1997 na hutolewa kwa chakula kizuri cha bei ya wastani. Lakini wakaguzi hawafiki kila ghuba, na kutotajwa hakumaanishi kushindwa.

Maoni ya mtandaoni yasome kwa kuchagua. Puuza alama ya jumla, soma yaliyoandikwa kwa lugha ya nchi yenyewe, na usome ya miezi ya Novemba hadi Machi kama yapo. Anayelalamika kwamba "menyu ilikuwa fupi" au kwamba "samaki niliyemtaka alikwisha" amekupa sifa bila kukusudia.

Niende saa ngapi, na ni lazima kuweka nafasi?

Fuata saa za wenyeji. Hispania watu huketi kwa mlo wa mchana kati ya saa nane na saa kumi, na wa jioni kuanzia saa tatu usiku. Italia huanza mapema zaidi, kama saa sita na nusu mchana na saa moja na nusu jioni. Ugiriki wakati wa kiangazi meza za wenyeji hujaa baada ya saa tatu usiku. Ukienda saa kumi na mbili jioni utahudumiwa, lakini utakula katika ukumbi mtupu na kuondoka kabla jiko halijachangamka.

Kuweka nafasi ni jambo la lazima mwezi Agosti na siku za Jumapili mchana, ambazo ni za familia. Migahawa mingi ya kifamilia hupokea simu au hukutaka upite mwenyewe, na kupita mwenyewe kuna faida: unaweza kuuliza kinachohitaji kuagizwa mapema. Paella ya kweli hupikwa kuanzia mwanzo kwa ajili ya meza yako, huhitaji muda, kwa kawaida ni ya watu wawili au zaidi, na kwa Wahispania wali ni chakula cha mchana. Paella inayofika mezani dakika tano baada ya kuagizwa ilikwisha kupikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

## Mezani

Menyu siielewi vizuri. Niagize nini?

Uliza: "Leo kuna nini?" Sijui swali jingine fupi linaloweza kukufunulia mgahawa kwa haraka kiasi hicho. Mhudumu akijibu kwamba kila kitu kipo, amekuambia kwamba jiko lake halitegemei siku wala bahari. Akisita, akageuka kuelekea jikoni, akarudi na majina mawili au matatu, umefika mahali pazuri.

Mgahawa ambao mimi binafsi siusahau ulinijibu kwa kuninyima nilichotaka. Ilikuwa bandari ndogo katika kisiwa cha Ugiriki, mwezi Agosti, na meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma katika Bahari ya Aegean wakati wa kiangazi, ulikuwa umeshika siku tatu. Nilimuuliza mama aliyesimama mlangoni akijipangusa mikono kwenye aproni kama kuna samaki. Hakusema neno, alinyoosha kidole kwenye mashua zilizofungwa gatini zikigongana, kisha akaniita kwa kichwa nimfuate jikoni. Juu ya jiko kulikuwa na trei kubwa nyeusi ya maharage meupe makubwa, yaliyookwa na nyanya na vitunguu tangu asubuhi. Ya pembeni yalikuwa yamepasuka ngozi na kuungua kidogo, na mafuta ya zeituni yaliyoelea juu yalikuwa yamegeuka rangi ya chungwa. Akachovya kipande cha mkate, akanipa nikiwa nimesimama. Nilikula maharage hayo usiku huo na usiku uliofuata, kwa jibini ya chumvi na mkate, na upepo ulipotulia siku ya tatu ndipo akanikaangia mikundaji wadogo waliovuliwa alfajiri. Angeweza kunitolea samaki wa friza nami nisingejua. Kwa kuwa hakufanya hivyo, nilimwamini kwa kila kitu kingine alichoniwekea mezani.

Kama hakuna wa kukuelekeza, agiza sahani ndogo tatu au nne za kushirikiana kabla ya kuamua juu ya mlo mkuu: mboga za majani zilizochemshwa na kutiwa mafuta na limau, bilingani kwa namna yoyote wanavyoipika, pweza au ngisi wa kuchoma, na jibini ya eneo hilo. Bilingani hasa haimsitiri mpishi mvivu. Isipoiva vizuri huwa kama sifongo, na ikiiva inalainika kama samli.

Nitajuaje kwamba samaki ni wa leo?

Omba kumwona, jambo ambalo katika migahawa ya samaki ya Ugiriki, Uturuki na Italia ni la kawaida na haliudhi mtu. Macho yawe yamejaa na angavu, si yaliyozama na kuwa na ukungu. Matamvua yawe mekundu, ngozi ing'ae, nyama irudi ikibonyezwa, na harufu iwe ya bahari.

Angalia pia ukubwa wao. Ukiona kwenye barafu samaki sita wa aina moja waliolingana kama wametoka kwenye kalibu, karibu ni hakika wamefugwa. Aina mbili zinazoonekana katika kila menyu ya eneo hilo, ile inayoitwa lavraki kwa Kigiriki, branzino kwa Kiitaliano na levrek kwa Kituruki, na ile inayoitwa tsipoura, orata au çipura, kwa sehemu kubwa hutoka katika mabwawa na vizimba, Ugiriki na Uturuki zikiwa wazalishaji wakubwa. Samaki wa kufugwa anaweza kuwa mzuri sana akichomwa kwa uangalifu, na bei yake ni nafuu. Kosa ni kukuuzia huyo kwa bei ya aliyevuliwa. Kwa hiyo uliza waziwazi kama ni wa baharini au wa kufugwa.

Kalenda nayo ina maana. Mashua nyingi hazitoki Jumapili, hivyo samaki wa Jumatatu mchana wastahili swali la ziada. Upepo ukivuma siku kadhaa, mashua ndogo hukaa gatini. Upande wa Italia wa Bahari ya Adriatiki, meli za nyavu za kukokota husimamishwa kwa wiki kadhaa kila kiangazi ili samaki wazaliane, na kipindi hicho huangukia pale pale wageni wanapokuwa wengi. Kuhusu vilivyogandishwa, Italia huviwekea alama ya nyota ndogo katika menyu na Ugiriki huvitaja, kwa hiyo soma maandishi madogo ya chini kabla ya kuuliza.

Kwa nini bei ya samaki haikuandikwa, au imeandikwa kwa kilo?

Kwa sababu samaki mzima huuzwa kwa uzito, na bei hubadilika kila siku. Italia mara nyingi bei huwa ya etto, yaani gramu 100. Ugiriki huwa ya kilo. Hispania utakuta herufi S/M, maana yake bei ya soko ya siku hiyo. Uzito unaolipiwa kwa kawaida ni wa samaki mbichi, kabla ya kusafishwa na kupikwa. Mwombe mhudumu ampime mbele yako na akutajie jumla kabla samaki hajawekwa juu ya mkaa. Malalamiko mengi ya bili ya kutisha ninayoyasikia yangezuilika kwa sentensi hiyo moja, na mgahawa wa heshima hukutajia kabla hujauliza. Kama samaki ni mkubwa mno, agizeni mmoja kwa watu wawili au watatu. Mkubwa mmoja hubaki na majimaji yake kuliko wadogo wawili.

Nimetozwa mkate ambao sikuuagiza. Ni halali?

Inategemea nchi. Italia kuna coperto, malipo ya kila mtu kwa meza na mkate, ambayo yanapaswa kuonyeshwa katika menyu. Ureno, vitafunio vinavyowekwa mezani havitozwi kama hukuviomba na hukuvigusa, kwa hiyo usiguse usichokitaka. Ufaransa, huduma, mkate na jagi la maji ya bomba vimo ndani ya bei ya mlo. Ugiriki, mteja halazimiki kulipa asipopewa risiti halali, na tangazo la haki hiyo hubandikwa au kuchapwa katika menyu.

Bahashishi katika nchi hizi si wajibu mzito. Kuongeza kidogo juu ya bili, au kuacha sarafu, hutosha, na kwa huduma iliyokugusa moyo toa zaidi kwa mkono wa aliyekuhudumia.

Mafuta ya zeituni yana umuhimu gani hivyo?

Ndiyo msingi wa karibu kila sahani utakayokula, na mgahawa unaobana gharama huanza kubana hapo. Daraja la juu kabisa kisheria lina asidi huru isiyozidi asilimia 0.8 na halina kasoro ya ladha. Mafuta mazuri hunukia majani mabichi, yana uchungu kiasi, na huwasha koo kidogo unapoyameza. Kuwasha huko si ubovu bali dalili ya ubichi wake. Yakinuka kama njugu za zamani au rangi ya mafuta, yamechacha. Mavuno huanza karibu Oktoba, kwa hiyo anayesafiri mwezi Desemba hukutana na mafuta mapya ambayo mgeni wa Agosti hayaonji. Hispania, tangu mwaka 2014, migahawa haitakiwi kuweka mezani chupa zinazojazwa tena.

Yajaribu kwanza kwa mkate mtupu. Mpishi akikuona unafanya hivyo huwa anajua ana mgeni wa namna gani.

## Hali za pekee

Nina mzio wa chakula. Nitajilindaje?

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, migahawa inawajibika kutoa taarifa kuhusu vizio 14 vikuu, vikiwemo ngano, maziwa, mayai, karanga, njugu za miti, ufuta, samaki, jamii ya kamba na kaa, na jamii ya chaza. Zaidi ya kusoma alama katika menyu, andika mzio wako kwa lugha ya nchi hiyo kwenye karatasi na uombe ifikishwe kwa mpishi mwenyewe, kwa sababu mhudumu wa msimu huenda alianza kazi wiki hiyo. Ufuta ni wa kuangaliwa sana mashariki mwa Mediterania, ambako tahini, yaani ufuta uliosagwa, huingia katika michuzi isiyoonekana kuwa nayo.

Sili nyama, au nafuata masharti ya dini. Nitapata nini cha maana?

Utakula vizuri kuliko unavyodhani. Ugiriki kuna kundi zima la vyakula vinavyoitwa ladera, mboga na kunde zilizopikwa polepole kwa mafuta ya zeituni, ambavyo vilikuzwa na mifungo mirefu ya Kanisa la Kiorthodoksi, maharage niliyoyaeleza katika jibu la "Niagize nini?" ni ya jamii hiyo. Uturuki nako kuna mboga za mafuta ya zeituni zinazoliwa zikiwa zimepoa. Kwa Waislamu, pwani za Uturuki, Tunisia na Moroko hazina shida ya nyama halali. Kwingineko samaki na mboga ndiyo njia rahisi, lakini uliza kama mchuzi umetiwa mvinyo, kwa kuwa kome na wali wa samaki mara nyingi hupikwa nao, na kama maharage yametiwa nyama ya nguruwe, jambo la kawaida Hispania. Asiyekunywa pombe hana sababu ya kuomba radhi. Agiza maji, na omba limau.

Samaki mbichi au aliyelowekwa kwa siki ni salama?

Hatari kuu ni anisakis, mnyoo ambaye siki na limau havimuui. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka samaki wa baharini anayeliwa mbichi, au aliyelowekwa kwa njia isiyoua vimelea, agandishwe kwanza hadi digrii 20 chini ya sifuri kwa saa zisizopungua 24. Hapa, basi, friza iko upande wako. Mpishi anayejisifu kwamba dagaa wake wa siki "hawajawahi kuona barafu" anakusifia kitu ambacho hakipaswi kuwa sifa.

Kwenye menyu kuna samaki nisiyemtegemea katika bahari hiyo. Nimuepuke?

Kwa kawaida hapana. Tangu Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, viumbe wa Bahari ya Shamu wamekuwa wakiingia mashariki mwa Mediterania, na sasa migahawa ya Kupro, Uturuki na Ugiriki huandaa tasi pamoja na samaki simba, yule mwenye miiba ya sumu mgongoni, ambaye nyama yake ni nyeupe na tamu miiba ikiondolewa. Kumla ni kuisaidia bahari, kwa sababu anawamaliza samaki wa asili.

Anayepaswa kuepukwa bila mjadala ni bunju, aliyeingia kwa njia hiyo hiyo na ambaye sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Hauzwi kihalali katika migahawa ya huko. Akitolewa kama zawadi na mtu aliyemvua mwenyewe, kataa kwa upole na usionje.

Nilirudi mwaka uliofuata na chakula hakikuwa kile. Kimetokea nini?

Mara nyingi mpishi ameondoka. Katika mji wa msimu, mgahawa huweza kubaki na jina, rangi ya viti na menyu ile ile ilhali jikoni kuna mtu mwingine, kwa kuwa wafanyakazi huajiriwa upya kila masika. Kabla ya kuketi, uliza kama aliyekupikia bado yupo. Sababu nyingine ni wakati: mgahawa uliokufurahisha mwezi Juni ukiwa na meza kumi hauwezi kukupa utulivu ule ule katikati ya Agosti ukiwa na meza thelathini barabarani. Ningekushauri uujaribu tena nje ya msimu kabla ya kuufuta moyoni.

Nimeupata. Niweke kumbukumbu gani ili niweze kuurudia au kumwelekeza mwenzangu?

Jina peke yake halitoshi, kwani migahawa yenye jina la mtakatifu au la bibi wa familia hujaa pwani nzima. Andika mtaa na kitu kilicho jirani, jina la mpishi kama amekuruhusu, siku ya wiki wanayofunga, miezi wanayokuwa wazi, na sahani zilizohitaji kuagizwa siku moja kabla. Andika pia tarehe uliyokula, maana rafiki yako atakayekwenda mwezi wa pili akiwa na hamu ya nyanya na bilingani ulizozisifia atakuta kabichi, machungwa na kunde, na ni vizuri ajue hivyo kabla hajapanda meli.